Kutoka Kuukuu Hadi Kale

Kiingereza kimelibebesha neno restoration mizigo isiyolingana. Ni jina la kurudi kwa mfalme Charles II kwenye kiti chake mwaka 1660. Ni kazi ya kuezeka upya kanisa lililobomoka na ya kusafisha mchoro uliofunikwa na moshi wa mishumaa. Na kwa zaidi ya miaka ishirini sasa ni burudani ya televisheni: watu wawili, gari moja lililochoka, fedha kidogo, gereji, kisha mnunuzi anayeondoka akitabasamu. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kusimulia vipindi hivi hukwama mapema. Aite ukarabati? Ufufuaji? Urejeshaji? Utengenezaji? Kila neno lina haki yake, na kila neno linaacha kitu nje. Wapo watakaoona huo ni upungufu wa lugha na kutamani tupatiwe istilahi moja ya kumaliza ubishi. Mimi sitamani hivyo. Gereji zetu zina maneno mengi kwa sababu kazi zenyewe ni nyingi, na ni televisheni iliyozikusanya zote chini ya jina moja.

Nichukue kipindi kinachojulikana kuliko vingine vya aina hii, Wheeler Dealers, kilichoanza Uingereza mwaka 2003. Mike Brewer alikuwa mtafutaji na mnunuzi. Edd China, mhandisi mrefu mwenye glavu za rangi ya chungwa, alikuwa fundi. Gari lao la kwanza lilikuwa Porsche 924, na uchaguzi huo unaeleza kipindi kizima. 924, iliyoingia sokoni miaka ya 1970, ilikuwa Porsche ya mtu asiye na fedha za Porsche. Injini yake ya lita mbili ilikuwa na nasaba ya Audi na Volkswagen, na ilikaa mbele, wakati ile ya 911 hukaa nyuma. Robo karne baadaye bei yake ilikuwa imeporomoka kiasi kwamba mtu wa mshahara wa kawaida angeweza kuinunua, akakosea, na bado akalala usingizi. Jina lenyewe la kipindi ni la mtu wa sokoni, dalali mwenye ulimi anayejua kupatana bei mpaka mikono ikashikana. Kariakoo ingemtambua mara moja.

Na hapo neno rahisi linadai nafasi yake. Kwa Kiswahili, rahisi ni kitu cha bei ndogo, na rahisi ni kazi isiyo na ugumu. Vipindi vya magari huishi mpakani mwa maana hizo mbili. Gari la bei rahisi linaonyeshwa likitengenezwa kwa muda usiozidi saa moja, matangazo ya biashara yakiwemo, na mtazamaji anainuka kitini akiamini kwamba kilichokuwa rahisi kununua ni rahisi kutengeneza. Mafundi wanajua hali huwa kinyume. Gari likishuka bei, mara nyingi kuna kazi ngumu ambayo mwenyewe ameikimbia: bolti iliyokatikia ndani ya silinda hedi, nyaya zilizotafunwa na panya, kutu iliyokula chuma chini ya milango mpaka kidole kinapenya. Ni sifa ya China kwamba hakuificha kutu. Aliigonga kwa bisibisi mbele ya kamera, ikaanguka vipande vipande, na mtu wa nyumbani akaona kwa macho yake maana mbili za rahisi zikiachana.

Lakini neno nitakalokaa nalo zaidi ni ufundi, kwa kuwa humo ndimo hesabu yote ilimojificha.

Ukienda gereji ya Dar es Salaam ukauliza gharama ya kubadilisha bushi au kuziba rejeta, jibu huja katika mafungu mawili. Kuna hela ya spea, na kuna hela ya ufundi. Baadaye, watu wakishazoeana, inakuwa tu “spea kiasi fulani, ufundi kiasi fulani”. Kwa hiyo ufundi ni umahiri wa mikono na papo hapo ni malipo ya umahiri huo. Neno halikubali kutenganisha mambo hayo mawili. Napenda sana uaminifu wa neno hili. Lugha nyingi zina neno moja la kusifia kazi na jingine, la mbali kabisa, la kuilipia.

Sasa tazama mwisho wa Wheeler Dealers. Inasomwa bei ya kununulia, inaongezwa bei ya spea na rangi, inatajwa bei ya kuuzia, na tofauti inaitwa faida. Saa za fundi hazimo. Kipindi kimetuonyesha ufundi kwa upendo na subira, kisha kikauacha nje ya karatasi ya hesabu. Mtazamaji mwenye kalamu anaweza kuurudisha mwenyewe. Tuseme gari limekaa gereji wiki mbili, fundi akifanya kazi saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki. Hizo ni saa 80. Tuseme pia faida iliyotangazwa ni pauni 800. Kila saa ya fundi imeleta pauni 10, na hapo hatujalipa pango la gereji, umeme, wala mashine ya kunyanyulia gari, na dalali hajagusa senti. Katika gereji halisi ya Uingereza mteja hulipa mara kadhaa ya kiasi hicho kwa saa moja. Kwa hesabu kamili, magari mengi kati ya yale yaliyouzwa kwa shangwe yangekuwa yameuzwa kwa hasara.

Simtuhumu mtu udanganyifu. Kanuni ya mchezo ilikuwa wazi kwa aliyesikiliza, na wapenzi wa kipindi wameijadili kwa miaka. Ninachosema ni kwamba mfasiri wa Kiswahili hana ruhusa ya kuandika faida peke yake pale. Gereji zetu hazitamwelewa. Ningependekeza istilahi yenye maneno manne: faida kabla ya ufundi. Ni ndefu kidogo, lakini ni ya kweli, na mwenye gereji yeyote kuanzia Mwanza hadi Mombasa angeisoma mara moja tu na kujua kinachozungumzwa.

Kuna jambo la ndani zaidi. Fundi ni wa ukoo mmoja na funda na fundisha. Kufunda ni kumwingiza mtu katika maarifa, mwali anavyofundwa na kungwi, taratibu, kwa kuonyeshwa na kurudiarudia. China alikuwa fundi kwa maana hiyo nzima. Alifungua kalipa ya breki, akaeleza kwa nini pistoni yake imeganda, akaisukuma nje kwa hewa ya kompresa, akataja mpira gani lazima ubadilishwe na upi unaweza kuachwa. Mtu aliyekuwa na gari la aina ileile angeweza kuzima televisheni na kwenda kufanya. Mwezi Machi 2017 alitangaza kwamba anaondoka, na akaeleza mwenyewe hadharani kwamba waandaaji walitaka kupunguza kina cha sehemu za gereji, kwa kuwa ndizo zilizokuwa ngumu kuzirekodi, naye hakuwa tayari kushusha kiwango. Nafasi yake ilichukuliwa na Ant Anstead, na baadaye Marc Priestley aliyewahi kuwa fundi wa McLaren katika Formula 1. Wote wawili ni watu wa kazi. Ila ugomvi ule ulihusu dakika: ngapi za sokoni, ngapi za gereji. Kwa Kiswahili unaelezeka kwa pumzi moja. Walitaka fundi afundishe kidogo.

Vitenzi navyo vina darasa lao. Kutengeneza, ambacho ndicho kitenzi cha kila siku, kimetokana na kutengenea, yaani kuwa katika mpango mzuri. Kwa hiyo kutengeneza ni kukirudisha kitu katika mpango, na pia ni kukiunda kwa mara ya kwanza; kiwanda kinatengeneza gari, na fundi aliye chini ya mwembe anatengeneza gari. Kitenzi hakimdharau wa pili. Kukarabati ni cha majengo, barabara na taarifa za wizara. Kinafaa kwenye mkataba, lakini gereji hukitumia mara chache. Fundi hatakwambia ameikarabati injini. Atasema ameishusha, ameifumua, na sasa anaisuka upya. Fumua na suka yametoka kwenye nywele na mikeka, na yamebeba sharti muhimu: kilichofumuliwa lazima kila ukindu wake urudi kwa zamu yake. Anayejua kufumua tu si fundi bado. Kamera hupenda sana kufumua, kwa sababu ni haraka na kuna kelele na mafuta yanayomwagika. Kusuka kunachosha kutazama, na ndiko kwenye kazi.

Kisha kuna kupiga puti. Hili ni neno linalotamkwa kwa sauti ya chini. Puti yenyewe haina kosa. Ikipakwa nyembamba juu ya chuma kizima kilichonyooshwa, kisha ikapigwa msasa, ni sehemu halali ya kazi ya fundi bodi. Kosa huanza inapojaza mahali ambapo chuma hakipo tena. Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hupanda chini ya magari na kukaa kwenye mikunjo ya bodi. Wenye magari wa Tanga na Mombasa wanaijua habari hii kwa njia nyingine, ya upepo wa bahari. Dawa ya kweli ni moja: kukata chuma kilichooza, kuchomelea kipya, kukipaka dawa ya kuzuia kutu pande zote mbili. Ukipiga puti na kupuliza rangi juu, masika moja tu itaibua malengelenge. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, na sijui methali inayomfaa fundi bodi zaidi ya hiyo.

Kupamba ni kazi nyingine kabisa, na haifai kuchanganywa na hizi. Pimp My Ride ya MTV, iliyoanza mwaka 2004 ikiongozwa na Xzibit, ilichukua magari yaliyochoka ya vijana wa California na kuyarudisha yakiwa na skrini kila upande, spika za kutikisa mtaa na rangi za kuumiza macho. Nairobi ilikuwa ikiifanya sanaa hiyo kwa matatu zake, nayo inastahili heshima yake. Ila gari lililopambwa halijatengenezwa. Ni matendo mawili, na mtu anaweza kulipia moja akidhani amepata yote.

Kwa vipindi vya fedha kidogo, basi, kitenzi gani kitoshe? Naona jibu limo ndani ya neno nafuu. Bei nafuu ni bei isiyoumiza. Mgonjwa aliyepata nafuu ni mgonjwa ambaye homa imeshuka, ameketi, ameomba uji. Hakuna anayemwita amepona. Gari lililobadilishiwa breki, likafungwa kabureta safi, likapigwa rangi mlango mmoja na kushonewa kiti cha dereva limepata nafuu. Litatembea, litapita ukaguzi, litampa mnunuzi miaka kadhaa ya furaha. Waliolishughulikia walijua wasichokigusa: gia boksi iliyoanza kuguna, kutu ndogo nyuma ya taa, ambayo ingehitaji bajeti mara tatu. Huu ndio uamuzi mgumu kuliko wote katika gereji isiyo na fedha, kuchagua cha kuacha, na nasikitika kwamba vipindi huupitia haraka. Sentensi “gari limepata nafuu” inausema uamuzi huo wazi, bila aibu na bila majivuno. Kupona tukuweke kwa yale magari yaliyofumuliwa mpaka skrubu ya mwisho, ambayo gharama yake haina uhusiano wowote na bei nafuu.

Sasa niingie kwenye sifa za uzee, ambako Kiswahili kina utajiri kuliko tunavyokumbuka. Kitu chakavu kimechakaa: kimetumika mpaka kikalegea. Kitu kuukuu kimepitwa na siku zake, kama nguo kuukuu iliyobaki kuwa ya kufanyia usafi. Mkweche ni gari lililo kuukuu na chakavu kwa pamoja, na linalotangaza hali yake kwa mlio. Cha zamani ni cha wakati uliopita, bila hukumu. Na cha kale kina heshima: magofu ya kale, mila za kale, maandishi ya kale. Gari moja linaweza kuvuka majina haya yote bila kubadilika umbo. Likiwa na miaka kumi ni la mitumba, likiwa na ishirini ni mkweche, na likibahatika kufika arobaini likiwa zima, watu husimama kulipiga picha. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, limeweka mpaka wake kwenye miaka 30, pamoja na sharti kwamba gari litunzwe katika hali iliyo sahihi kihistoria na lisiwe chombo cha shughuli za kila siku. Uingereza nayo, tangu Mei 2018, imeyasamehe ukaguzi wa kila mwaka magari mengi yaliyozidi miaka 40, mradi yasiwe yamebadilishwa sana.

Kazi ya fundi wa magari ya zamani, kwa hiyo, ni kulivusha gari kutoka kuukuu hadi kale bila kulipitisha kwenye upya. Likipita kwenye upya limepotea njia. Mkataba wa Turin wa FIVA, uliopitishwa mwaka 2012, unasimamia hilo. Unatanguliza kuhifadhi kabla ya kurejesha, unataka kila badiliko liandikwe, na unataka vipuri vipya vitambulike kwa alama ya kudumu isiyochukiza macho. Mizizi yake iko kwenye Mkataba wa Venisi wa mwaka 1964, uliohusu majengo ya kihistoria na uliosema kwamba urejeshaji ukome pale kukisia kunapoanza. Kuhifadhi na kurejesha ni istilahi mbili ambazo Kiswahili tayari kinazitenga vizuri, na ingekuwa vyema tusizichanganye. Ukihifadhi, unazuia kisiendelee kuharibika. Ukirejesha, unadai unajua kilivyokuwa. Televisheni haina kipindi kizuri cha kuhifadhi, kwa kuwa mwisho wake gari linafanana na mwanzo. Rangi iliyopauka ya mmiliki wa kwanza inabaki, mkwaruzo wa mwaka fulani unabaki, kilichobadilika ni kwamba maji hayaingii tena.

Afrika Mashariki imewahi kuuona uvukaji huo kwa macho yake. Datsun 240Z ambayo Shekhar Mehta alishindia Safari Rally mwaka 1973 ilikuwa gari la kisasa siku hiyo. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2003, yalipoanza mashindano ya East African Safari Classic, magari ya aina hiyohiyo yalirudi kwenye vumbi yakiwa ya kale. Peugeot 504, kwa upande wake, bado iko njiani. Kwa baadhi ya watu ni mkweche wa kubebea mkaa, kwa wengine ni kitu cha kufunika kwa turubai na kukitembelea Jumapili. Natamani mtu arekodi kipindi chake sasa, wakati mafundi walioifumua na kuisuka mara nyingi bado wako hai na wanasikia vizuri wakiulizwa.

Swali la upya hutuleta kwenye neno “lilelile”. MGB ya Uingereza, iliyotengenezwa Abingdon kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, ilioza kwa wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya British Motor Heritage ilianza kuuza bodi mpya kabisa za gari hilo, zilizotolewa kwa kalibu za asili. Mtu huchukua MGB iliyooza, akahamishia injini, ekseli, viti na taa kwenye bodi mpya. Je, ni gari lilelile, au ni jingine lenye viungo vya marehemu? Kwa miaka mingi DVLA, mamlaka ya usajili ya Uingereza, iliwapimia waliobadilisha magari yao kwa pointi: fremu au bodi pointi 5; sukani, ekseli, gia boksi na mfumo wa springi pointi 2 kila kimoja; injini pointi 1 tu. Nilipoiona orodha hiyo nilishangaa, kwa sababu kwetu injini ndiyo huitwa moyo wa gari, na mtu huulizia “injini yake bado ile ya kwanza?” kabla ya kuulizia bodi. Ila ukifikiri kwa muda unaona mantiki. Injini hutolewa na kurudishwa, huhamishwa, hununuliwa mtumba. Bodi ndiyo iliyozaliwa na gari. Kiswahili kinapokirudia kiashiria, lilelile, kinadai jambo zito, na wauzaji hulitumia kwa wepesi mno. Mwandishi makini angesema gari lile lenye bodi mpya, akaacha msomaji apime.

Limebaki neno la mwisho, nalo liko kwenye sarufi. Kuna kipindi kiitwacho Car SOS, kinachoonyeshwa na National Geographic tangu mwaka 2013, ambamo Tim Shaw na Fuzz Townshend huchukua gari la mtu aliyepatwa na ugonjwa au msiba, gari lililosimama kwa sababu mwenyewe hakuweza tena kuligusa. Familia inashiriki siri. Mafundi wanalifumua na kulisuka, kisha mwenyewe analetwa bila kujua anachoendea. Hakuna bei ya kuuzia inayosomwa mwishoni, hivyo hakuna faida ya kubishania. Kurejesha kungetosha kueleza kilichotendeka kwa chuma. Lakini Kiswahili kinaweza kuongeza viambishi vichache na kumwingiza mtu ndani ya kitenzi: kurejeshewa. Gari limerejeshwa; yeye amerejeshewa. Anayeandika manukuu ya kipindi hicho na aandike “amerejeshewa gari lake”, hata pale ambapo Kiingereza kinachosemwa kinataja gari peke yake.